Miaka 96 ya mkurugenzi

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unalijua lile faili la vipimo vya afya vya wafanyakazi? Tarakimu zimebanana bila nafasi, mpaka uielekeze programu: umri uko hapa, uzito uko pale. Nimeielekeza vibaya. Kwenye umri imesoma uzito!

Ripoti ikamulikwa ukutani mbele ya bodi nzima. Mkurugenzi: miaka 96, astaafishwe.

Akanigeukia. "Binti, mimi nina miaka tisini na sita?"

Na mdomo huu unaoniponza kila siku ukajibu: "Hapana mzee, hizo ni kilo."

KILO, shoga! Mbele ya bodi!

Mhasibu akatoka nje kucheka. Mimi nikaanza kukusanya virago.

Mzee akavuta koti, likagoma kufungika. "Umri rekebisha wewe," akasema. "Kilo niachie mwenyewe."