Jeep Iliyombeba Mama Yangu Imejaa Mikwaruzo

Mama Léocadie, mshauri wetu wa redio, nakusalimu kwa heshima na naomba unisikilize mpaka mwisho, maana shule yangu iliishia darasa la nne na kalamu hii nimeazima. Mimi ni Valentin, mtu wa Kalengera, vita vilitutoa kule na sasa tunalala kambini, chini ya bashi, turubai la msaada, upande wa Lac Vert, na kazi yangu ni kuponda mawe ya volkano kwa ajili ya wajenzi, mgongo umechoka lakini watoto wanakula.

Mama yangu alifariki kambini, na sikuwa na njia ya kumfikisha makaburini, nikaenda kwa Papa Télesphore, mwenyeji mmoja ninayempondea mawe ya ukuta wa nyumba yake, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshika ufunguo, akasema, "Mama ni mama, Valentin. Twende." Basi vijana wa kwetu wakafunga matawi ya mkaratusi kwenye jeep yake, mbele na milangoni, kama ilivyo desturi, ili watu wa barabarani wajue kuna kilio na wapishe, na barabara ile ni vumbi na mashimo, matawi yakacheza kwenye rangi kwenda na kurudi. Tuliporudi nilivua koti langu la kazi nikapangusa jeep yote, mlango kwa mlango, nikizungusha mkono taratibu, maana sikuwa na kitu kingine cha kumshukuru. Kesho yake jua lilipoipiga, ile rangi ya buluu ilikuwa na mistari mirefu, na katikati ya mistari mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui.

Majirani wanamcheka: "Papa Télé, ulipigana na paka ao nini?" Yeye anajibu, "Paka mwenyewe alikuwa na kilio, mumuache." Mke wake, Mama Mwavita, haachi. Alisema mbele yangu, "Unabapatia gari, banakurudishia sufuria ya kusugua! Mutu wa kambi hapandi tena humu." Na hapo ndipo panaponiuma, Mama, kwa sababu mtu wetu akizidiwa ni jeep hiyo tu inayokubali kutupeleka hospitali, na dada yangu Joyeuse ana mimba, mwezi wake ni huu.

Nimeamua kuiondoa mikwaruzo hiyo mwenyewe, Jumapili wenye gari wakiwa misa, wakirudi waikute inang'aa. Grégoire tunayeponda naye mawe anasema nisugue kwa majivu, "Sufuria za mama yako zilikuwa zinang'aa na nini?" Mwingine anasema dawa ya meno, mwingine anasema nipake rangi ya viatu. Niambie ipi, Mama. Sirudi nyuma.

Valentin, Lac Vert

*

Valentin mwanangu, pole kwa mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilishika kichwa. Unayalaumu matawi! Mistari mirefu, sawa, ni ya matawi. Lakini ule utando wa buibui ni wa nani? Tawi halizunguki. Mkono ndio unaozunguka. Ulichukua koti lililojaa unga wa mawe ya volkano ukapangusa nalo gari kavu lenye vumbi. Ulilisugua kwa msasa, mwanangu, ukidhani unashukuru.

Na sasa unataka kuongeza majivu? Sufuria haina rangi, ndiyo maana inavumilia. Gari lina rangi, na juu ya rangi kuna ngozi nyembamba inayong'aa. Mwambie Grégoire majivu yake ayapeleke jikoni. Rangi ya viatu ni kudanganya mpaka mvua inyeshe.

Kuhusu misa, sikubali. Mtu hasugui gari la mtu kwa kujificha. Nenda leo, uombe ruhusa. Kwanza kwa Mama Mwavita, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema wazi. Usimtaje kijana yeyote wala tawi. Mwambie, "Mama, ni koti langu." Atafoka. Muache afoke, kisha umwombe maji ya kuoshea gari.

Kabla ya kazi oga, badilisha nguo, vua mkanda wenye chuma. Weka gari kivulini lipoe. Lioshe kwa maji mengi na sabuni laini, kuanzia juu kwenda chini, mpaka usisikie mchanga chini ya kiganja. Halafu pitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, huo unaweza kuupunguza. Ukucha ukinasa, uache, huo ni wa fundi wa rangi, na umwambie Papa Télesphore hivyo hivyo bila kuficha.

Wauzaji wa vipuri wana dawa ya kung'arishia rangi, hiyo ndiyo bora. Ukiikosa, dawa ya meno nyeupe, kidogo tu, kwenye kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kuloweshwa. Jaribu kwanza chini ya mlango, pasipoonekana. Sugua polepole, suuza, tazama. Rangi ikififia, simama hapo hapo. Usitegemee muujiza: mikwaruzo myepesi itapungua, mingine itabaki.

Tena, suala la Joyeuse lisingoje gari ling'ae. Mtoto hangoji rangi. Siku hiyo hiyo ya kuomba ruhusa, mwambie Mama Mwavita mwezi wa dada yako ni huu. Mwanamke anayefoka kwa ajili ya mlango wa gari hajasema atamfungia nje mzazi mwenye uchungu. Huenda hajui, maana barua yako haisemi kama ulimwambia.

Na lile koti ulifue. Siku Joyeuse akirudi na mtoto ndani ya jeep ile, ukisikia hamu ya kushukuru, weka mikono mfukoni, Valentin. Shukuru kwa mdomo.