Vichwa vya Wazee wa Rafiq

Karama, Dubai,
9 Novemba 2025.

Mpendwa Shangazi Khairiya,

Shikamoo. Hujambo wewe, na goti je? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ni ya goti lako, si ya kumgawia kila jirani wa Kibokoni anayekohoa. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kazi ni ile ile, basi la wafanyakazi wa hoteli, Karama na Garhoud, Garhoud na Karama. Na usimsikilize mtu: Dubai nzima hakuna anayelirudisha basi nyuma kama mwanao. Hata madereva wa Kipakistani hunipisha.

Umelalamika kwamba sauti zangu za simu zimekuwa fupi siku hizi. Ni kweli. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeikimbia shule darasa la saba, na barua hii atakuletea Adib anayerudi Mombasa. Mengine hayasemeki kwenye simu huku chumba kizima kinasikiliza.

Rafiq amefariki. Yule Mfilipino niliyekwambia ni Muislamu, ukacheka ukasema nimedanganywa. Fundi bomba wa hoteli yetu, kitanda chake chini, changu juu. Moyo ulisimama akiwa kazini. Tulimzika makaburi ya Qusais, na kaburini niliingia mwenyewe kumpokea.

Kwao ni visiwa vya Sulu, na watu wake huitwa Moro. Jina hilo walipachikwa na Wahispania kwa kuwadharau, nao wakalichukua wakalifanya fahari. Wahispania walihangaika nao zaidi ya miaka mia tatu. Wakaja Wamarekani na mizinga. Mwaka 1906 watu walikimbilia juu ya mlima uitwao Bud Dajo, waume kwa wake na watoto, wakauawa kwa mamia, wakasalia wa kuhesabika. Wazee wa Rafiq walikuwa humo.

Basi alikuwa akinunua wale askari wa plastiki wa kijani, wa kuchezea watoto, wanaouzwa hapa Karama kwa mfuko. Anawakata bunduki kwa wembe. Anawavisha vilemba na kuwapa mapanga mapana kama jani, kwa ile gundi ya udongo ya kuzibia mabomba. Mikononi na miguuni anawafunga uzi wa cherehani, maana wapiganaji wao walikuwa wakijifunga kamba ili damu isitoke upesi. Kisha sura, kwa ncha ya sindano. Huyu pua imevunjika, huyu ana makovu ya ndui, kama bibi yake alivyomsimulia. Kila mmoja ni mzee wao wa mlimani, na jina lake. Aliwapanga kwenye rafu karibu na kitanda, na mimi nilikuwa nikijigamba kwa wageni kwamba nawajua wote kama wachezaji wa timu ya taifa.

Sasa sikiliza. Siku ya tatu tuliandaa hitima pale pale chumbani. Mimi nikashuka kuchukua sinia za biriani. Niliporudi nilimkuta Shakir, mcha Mungu wetu wa Kizanzibari anayetusalisha chumbani, ameketi sakafuni, na vichwa vya wazee wa Rafiq vimejaa kwenye kikombe cha chai.

"Shakir! Umefanyaje?"

"Malaika wa rehema hawaingii penye sanamu, Ubaid. Maalim yuko njiani. Kisicho na kichwa si sanamu tena. Ulitaka niwatupe?"

"Si ungewafunika shuka, bwana!"

"Ndugu yetu yuko kaburini anangoja dua, nawe waniambia shuka?"

Ningemzaba kofi, Shangazi, lakini nilikukumbuka wewe ulivyomng'oa kichwa mwanasesere wa Ghada siku ya maulidi, tukiwa watoto. Mambo hayo ni ya kwetu huko huko. Na wageni walishafika mlangoni. Tukasoma. Shakir alisoma kuliko wote, machozi yakimdondokea kwenye juzuu.

Kesho yake akapiga simu Mawadda, binti wa Rafiq, anayefanya kazi za ndani Doha. Madam wake amempa ruhusa, anakuja. Nguo za baba tugawe, simu tugawe. "Mimi nataka wale wazee tu," akasema.

Tukakaa na gundi, mimi na Shakir. Kichwa hiki cha nani? Mwenye ndui alishika panga au ngao? Shakir akaniangalia mimi, bingwa wa timu ya taifa. Nikabahatisha.

Tulionana naye kwenye mkahawa wa chini, kwa sababu chumbani kwetu wanawake hawapandi. Alifungua boksi tulilowapangia wazee, akainua mmoja, akapitisha kidole shingoni.

"Nani kawavunja?"

Mimi uongo nilikuwa nao tayari, mtamu, wa rafu iliyoanguka. Shakir akanitangulia. "Ni mimi, dada." Akamweleza yote, malaika, maalim, mpaka kikombe. Hakujitetea hata kidogo.

Mawadda alimrudisha yule mzee kwenye boksi. Kisha akasema, kwa Kiingereza chetu hiki cha Dubai, kwamba hata kule mlimani maiti zililundikana, na waliokuja kuwatafuta ndugu zao hawakujua nani ni nani. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe.

Akanigeukia. "Anko, baba alisema wewe majina yao unayajua."

Nikaanza kwa mbwembwe, wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikamtafuta nikampata. Hapo nikakwama. Majina yale Rafiq alinitajia miaka, nami niko kitandani juu nacheka na video za simu.

"Na wengine?"

Shangazi, mdomo huu unaoujua ukasema, "Sijui."

Tulimsindikiza kwa metro hadi uwanja wa ndege. Boksi alilipakata njia nzima, na Shakir alisimama mbali, karibu na mlango. Tangu siku hiyo hataki kutusalisha. Anasema tumtafute mwingine.

Nakuomba umtie kwenye dua zako, hakukusudia ubaya. La pili, kaa na Ghada umtajie wazee wetu waliolala makaburini, mmoja mmoja, jina lake na alivyokuwa. Ghada aandike. Mimi namjua Babu Thuwein tu. Nyuma yake kwangu ni giza tupu. Usiseme utafanya siku nyingine.

Nisalimie Ghada na mumewe Hashir, na Bi Hilwa mwambie sijamsahau. Mola akuhifadhi, akufikishe Ramadhani ukiwa na nguvu za kufunga.

Mimi wako nikupendaye huku ugenini,

Ubaid