Kilio Nilichokikatiza

Jumatatu, 4 Machi. Rwamishenye

Watu wengi hukosea hapa: hudhani kuomboleza ni kumsifu marehemu. Miaka thelathini na minne nimelisahihisha kosa hilo kwenye madaftari ya fasihi. Leo asubuhi nimelisahihisha tena, sebuleni kwangu. Jirani yangu Ma Yustina alikuja nimwandikie wasifu wa mumewe, usomwe kabla ya mazishi. Mtaa mzima huja kwangu kwa kazi hiyo. Nikamweleza kwamba wasifu humtambulisha marehemu kwa waliokuja kuzika: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akaugua. Ombolezo ni jambo jingine. Ombolezo humgeukia marehemu mwenyewe na kumgombeza. Umeondoka kwa ruhusa ya nani? Mtoto akikuuliza, nimwambie nini? Ndiyo maana ombolezo zuri lina hasira ndani yake. Ma Yustina alisikiliza kwa adabu. Kisha: "Sawa, Mwalimu. Lakini andika alikuwa mpole."

Nimeandika. Yule mzee alikuwa akirusha viatu.

Saa nane, simu kutoka Muleba. Deo amefariki. Pikipiki, barabara ya Kemondo. Mtoto pekee wa dada yangu Koku. Miaka thelathini na mmoja.

Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena. Siwezi kukaa.

Jumanne, 5 Machi. Muleba

Nimefika saa nne. Nyasi zimetandikwa sebuleni, kina mama wameketi juu yake. Wanaume wako nje chini ya turubai. Huku kwetu mtu hafiki msibani kimya. Kilio huanzia njiani, kwenye migomba ya kwanza, na walio ndani huitikia. Wake wa binamu zangu waliingia hivyo. Sebule nzima ikaitikia. Koku hakuitikia. Ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho makavu.

Nilimshika mkono. "Umefika, Mwalimu," akasema. Basi.

Nimepewa kalamu na karatasi kabla ya chai.

Jumatano, 6 Machi

Tumemzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na kaburi la baba yake. Mvua ilinyesha asubuhi. Udongo mzito, majembe yalinata.

Nimesoma wasifu wa Deo. Ukurasa mmoja na nusu. Watu wamesema umepangwa vizuri. Nauchukia. Deo alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayejua mwisho wa hata kimoja. Hilo sikuliandika. Niliandika "mchapakazi".

Koku alisimama kaburini kama mgeni aliyekosea nyumba. Katekista akasema mama huyu ana imani kubwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi sikutikisa. Wifi yake, Ma Adela, naye hakutikisa. Alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Ma Adela amelisema. Alikuwa anamenya ndizi na wenzake nyuma ya jiko, nikapita kutafuta maji ya kunawa.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemfunga mdomo. Umfungue basi."

"Au mpaka tuandike barua ya maombi?" mwingine akadakia.

Wakacheka. Kicheko cha msibani, kifupi. Nimetembea hadi barabara kuu na kurudi mara tatu. Magoti yanauma. Heri niandike.

Miaka kumi na mmoja iliyopita tulimzika mama. Koku ndiye aliyekuwa na sauti. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakimwita misibani aanzishe kilio, kwa sababu alijua kumwambia marehemu yale ambayo kila mtu alikuwa anayameza. Siku ile mimi nilikuwa nasoma wasifu, ukurasa wa pili. Wageni wangu walikuwepo, walimu wenzangu kutoka mjini, padri, viti vya mbele vyote. Koku akaanza. Mae, mama yangu, ile kahawa. Sauti yake ikapanda juu ya yangu. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Dada, tafadhali. Watu wanasikiliza."

Alikatiza katikati ya neno. Mimi nikamalizia ukurasa wangu.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani kufundisha sifa za ombolezo.

Tangu siku ile Koku huenda misibani akapika tu. Zamani aliniita kwa jina langu la nyumbani. Sasa ni Mwalimu, kama wanavyoniita wauza duka. Nilijua kwa nini. Miaka kumi na mmoja nimejua, na kila Krismasi nimemletea sukari.

Ijumaa, 8 Machi

Hajala tangu Jumatatu. Uji vijiko viwili, kwa kubembelezwa. Mganga wa zahanati amempima, presha imepanda. Anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena. Ma Adela anaogopa. Shangazi yake alikaa kimya namna hii baada ya kuzika, na haikufika mwezi naye akafa.

Kesho matanga yanakwisha. Watu wataondoka. Atabaki na nyumba.

Nimefanya upumbavu. Nimekaa chini ya turubai tangu asubuhi nikamtungia ombolezo. Mishororo kumi na sita. Nilidhani akipata maneno, machozi yatafuata. Nikampelekea. Alilisoma lote, polepole, hadi mwisho. Akanirudishia karatasi.

"Vina vimekaa vizuri, Mwalimu."

Ma Adela alikuwa mlangoni. "Na kilio chake ukikisikia utakisahihisha kwa kalamu nyekundu?"

Nimeichana karatasi. Nimezunguka kibanja kizima. Kila mahali nakutana na watu wanaonipa pole.

Jumamosi, 9 Machi

Watu walikuwa wameanza kukusanya vyombo. Nikaingia sebuleni, nikaketi kwenye nyasi katikati ya kina mama. Mwanaume hakai pale. Wakanipisha. Sikuwa na karatasi.

Nikasema: Koku, nilikunyamazisha kwenye kaburi la mama. Nilikuonea aibu mbele ya wageni. Aibu ilikuwa yangu. Nisamehe.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na sufuria, hakuiweka chini.

"Ulitumia kipaza sauti," Koku akasema.

"Ndiyo."

"Kijiji kizima kikasikia."

"Kijiji kizima."

"Nilikuwa nimefika kwenye kahawa tu."

Nilikuwa na maelezo. Mimi sikosi maelezo. Yalinifika mdomoni, nikayazuia. Nikamwuliza tu: hiyo kahawa, ulitaka kumwambia nini?

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akaanza, chini kwa chini, kama mtu anayeongea na jirani kupitia ua. Kwa Kihaya. Hakuongea na mimi. Mae, ulisema tutaichuma pamoja. Nimekuja na vikapu viwili. Hiki cha pili nimpe nani? Umelala tu, hujaniambia ufunguo wa ghala uko wapi. Akamgombeza mama kwa kila kitu alichoacha nusu, na sauti ikawa inapanda, na bila kupumzika akafika: kwa hiyo umemchukua Deo akubebee kikapu? Huyo mmoja niliye naye?

Hapo ilifunguka. Kina mama wakaitikia, hata Ma Adela, hata aliyeshika sufuria. Waliokuwa wameshafika barabarani walirudi. Akamgeukia Deo mwenyewe. Akamlaumu kwa pikipiki. Akamlaumu kwa kumfundisha kutumia simu kisha kutomwachia mtu wa kumpigia. Akamwambia, hata kile kichekesho cha padri na mbuzi hukunimalizia, na sasa nitamwuliza nani?

Nililia. Kwa sauti, mdomo wazi, mzee wa miaka sabini. Hakuna aliyeniambia nijikaze.

Jumapili, 10 Machi

Kumepoa. Watu wameenda misa. Nimebaki na Koku.

Jana kabla ya jua kuzama alikula, ndizi mbili na maharage kidogo. Akaomba chumvi. Kisha akalala, na leo bado amelala.

Nilikuwa nikifundisha kwamba ombolezo huponya. Sina hakika tena. Deo yuko kaburini, na wiki ijayo Koku atapika chakula cha mtu mmoja. Bado ananiita Mwalimu. Lakini ameomba chumvi.

Binamu yangu amenisihi niyaandike maneno yote ya Koku, yasipotee. Nayakumbuka karibu yote. Ni kweli yatapotea. Lakini Koku hakuwa akiniambia mimi. Niliyoandika jana yanatosha, na pengine yamezidi.

Anakohoa chumbani. Ameamka, na sauti imemkauka kabisa. Weka kalamu chini. Chemsha maji, umpelekee.