Sanduku Uliloliacha kwa Ndalahwa

Mazwi,
Sumbawanga.
19 Mei 2001

Mpwa wangu mpendwa Loth,

Pokea salamu kutoka huku kwetu baridini. Hujambo wewe, na Rahel, na watoto? Kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi tu wazima, ila magoti yangu yanakataa baiskeli. Mke wangu Luciana anasema ni mimi ninayekataa kuzeeka.

Mahindi yamekubali sana mwaka huu. Neema hiyo ndiyo iliyoniletea balaa ninalokuandikia.

Unakumbuka tulipomaliza matanga ya ndugu yangu Urbano mwaka jana, tuligawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Ile kompyuta aliyopewa ushirika ulipovunjwa nayo tuliigawa: kioo kwa mjane wake Redempta, kibao cha herufi kwa binti yao Kristiana, na sanduku la chuma kwako wewe mpwa. Siku ya kuondoka basi la abiria lilikuwa limejaa, ukaliacha kwenye ghala la mahindi la jirani yetu Ndalahwa, pamoja na vikorokoro vya ushirika vilivyokuwamo tangu zamani. Mgawo niliusimamia mimi. Nilitamka mbele ya watu kwamba kila mtu apate chake, nikajiona nimetenda haki.

Sasa nikueleze jambo ambalo nami nimelijua nikiwa na miaka sitini na minane. Kioo cha kompyuta hakihifadhi kitu. Ni dirisha tu. Maneno hukaa ndani ya sanduku, kwenye kidude cha chuma kinachotoshana na kitabu cha sala, wanakiita diski. Mwaka mzima Redempta amekuwa akikipangusa kile kioo kila Jumapili na kukifunika kitambaa, akiamini anatunza kazi ya mumewe. Nilipomweleza, alikivua kile kitambaa.

"Shemeji, mimi maneno nilikuwa nayaona humuhumu. Na aliyetugawia si wewe?"



Kazi yenyewe unaijua: maneno ya Kifipa aliyoyakusanya kwa miaka minane, mengi kutoka kinywani mwa mama yake Redempta, Bibi Silvana, tuliyemzika Februari. Karatasi alizochapa Urbano zinaishia herufi L. Yanayofuata hayapo penginepo, na wa kumwuliza hayupo.

Nimekwenda ghalani mara nne. Chini ya magunia matupu na mizani mbovu nimekuta masanduku sita, yote rangi ya maziwa yaliyochacha. Mawili yamelala, manne yamesimama. Matatu yana mwanya mpana wa kuingizia zile diski laini kubwa, mengine mwanya mdogo. Moja lina tundu la ufunguo. Karatasi za majina zilizobandikwa zimeliwa na panya.

Mara ya kwanza nilichukua kitu kizito kuliko vyote, nikakisukuma kwa baiskeli hadi kwa fundi Masanja. Akacheka mpaka akakaa chini. "Shikamoo mzee wangu, lakini hii ni stabilaiza. Kazi yake kutuliza umeme tu." Mara ya pili nilimpelekea sanduku kweli. Akaliwasha, likatoa moshi. Kama ndilo lenyewe, Mungu anisamehe.

Ndalahwa si mtu mbaya, ila anataka kuingiza mavuno. "Mwalimu, makopo yako yatahama lini? Mahindi yangu hayawezi kulala nje kwa ajili ya makopo." Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapita mara mbili kuyatazama.

Nimechoka kubahatisha. Hasira yangu kubwa ni juu yangu mwenyewe, lakini nawe, Loth, mwaka mzima hukuuliza hata siku moja!

Leo mkokoteni wa Ndalahwa umeyaleta yote sita sebuleni kwangu, na lile lililoungua limo. Sitaligusa hata moja tena. Wewe ulilibeba begani kutoka kwa Redempta hadi ghalani, na siku ile hakuna mwingine aliyelishika. Usinijibu kwa barua. Omba ruhusa kazini, uje na mtu anayejua kufungua mashine bila kuichoma. Tangu mchana Redempta anayazunguka, anaweka mkono juu ya moja, halafu juu ya jingine, ananiuliza ni lipi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na swali hilo linanishinda.

Mama yako Kalista yuko salama Kipili, anakusalimu. Kristiana naye anakusalimu. Nisalimie Rahel na wajukuu zangu. Mungu akulinde njiani, na akuharakishe.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata akikasirika,

Adolfu