Mtani Aliyeacha Kofia

Ilford, London
Jumamosi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na sasa unaweza kusimama darasani bila kuegemea ubao. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inanitafuna visigino. Michembe ya viazi uliyompa yule binti wa jirani ilifika. Nimeitafuna mikavu ndani ya treni, sikungoja hata kuichemsha, na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alikodoa macho akidhani nakula maganda ya mti. Mvua zimeanza huko Tabora? Na shemeji Kondo bado anawaamsha kwa taarabu kila asubuhi?

Utashangaa nimeshika kalamu. Nimelikwepa kundi la familia la kwenye simu makusudi. Kule ujumbe wangu unasomwa na ukoo mzima, na mjomba hujibu kabla hajafika katikati. Uliloniuliza linataka nafasi. Ulifungua ukurasa wa mtandaoni wa Pauline niliokutumia, ukaona watu wanavyombishania, ukaniuliza: huyu unayemhudumia ni mwanamke au mwanamume, na wewe unakaa naye vipi?

Kazi yangu unaijua, nazunguka majumbani kuwasaidia wazee kuoga, kuvaa na kula. Pauline alikuwa dereva wa basi hapa London mpaka alipostaafu. Mikono inamtetemeka kwa maradhi, kikombe hakishiki. Siku ya kwanza nilipomwogesha ndipo nilipojua kwamba alizaliwa mvulana. Nilishangaa, dada, na uso wangu unaujua, haufichi kitu. Akaniambia, "Shangaa upesi, Tausi, maji yanapoa." Nikacheka, naye akacheka, nikaendelea na sabuni.

Baadaye nilimuuliza maswali yangu yote, hata yale ambayo Waingereza wanaona si adabu kuyauliza. Alinijibu huku nikimnywesha chai. Alijua tangu mdogo, akaficha, akaoa, ndoa ikavunjika, na utu uzima ulipomkolea akachoka kuficha. Sijaelewa kila kitu. Najua utaniambia dini inasemaje, na mimi nimeliwaza hilo sana nikiwa kwenye basi. Ila sijamwona hata siku moja akiigiza. Kazi yangu ni kumkausha mgongo vizuri na kumwita jina analoitikia, na analoitikia ni Pauline.

Sasa nije kwenye huo ukurasa, maana mwandishi ni mimi. Maneno ni yake, vidole ni vyangu. Kila asubuhi nikishamvisha, anafumba macho kidogo, kisha anasema, "Andika." Waziri mkuu alipobadilishwa aliniambia niandike: "Mapazia ya sebule yangu yamedumu kuliko mawaziri wakuu wote wa karibuni. Siri ni kwamba mapazia huwa nayafua." Mwimbaji kijana aliyetangaza kwamba anaacha muziki ili ajitafute, Pauline akasema: "Msihangaike, nimeshampata. Yuko kwenye tangazo la manukato." Jaji wa mashindano ya kuimba kwenye televisheni alilia kwa furaha, kesho yake akalia kwa huzuni, na Pauline akaandikisha kwamba uso wa yule mama haukusogea mara zote mbili.

Huku kuna ugomvi mkubwa juu ya watu kama yeye. Magazeti, wabunge, majaji, kila mtu ana neno, na mengi ni juu ya choo: nani aingie kipi. Mimi niliyekulia nyumba ya choo kimoja cha uani, babu, bibi, wapangaji na wageni wa msiba wote foleni moja, nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mwezini. Siku ambayo jambo hilo lilishika vichwa vya habari, Pauline alifumba macho kuliko kawaida yake. Nikadhani analia. Kisha akasema, "Andika: Leo taifa zima linajadili choo nitakachoingia. Mimi na goti langu tunajadili kama tutafika." Watu walicheka sana mtandaoni. Yeye hakucheka, aliniomba nimfunike miguu.

Kila anachoandika, mtu wa kwanza kumjibu ni mwanamume mmoja anaitwa Keith. Kila siku, kabla hata chai haijapoa. "Mwanamume ni mwanamume hata avae pazia." Pauline ananiambia nimjibu: "Wewe pazia ulishindwa kulitundika, tukalala na taa ya barabarani machoni." Anarudisha, anarudishiwa. Nikauliza, huyu adui ni nani? Pauline akasema, "Adui gani? Huyo ni mdogo wangu. Anakaa Stanmore." Nikauliza kama hawagombani. Akasema, "Tausi, asipotukana mpaka saa nne naanza kuogopa amekufa."

Hapo ndipo nilipojiona nimeelewa Uingereza. Kumbe ni utani! Nikamweleza kwamba sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Nikamwambia shemeji yangu Kondo ni Mzaramo, kwamba ananiita mbeba mizigo mbele za watu nami namwita mvivu wa pwani, na hakuna anayenuna, kwa sababu siku ya harusi au ya msiba tuko mstari wa mbele. Kwetu anayenitukana hivyo ndiye atakayenichimbia kaburi. Pauline alipenda sana habari hiyo. Aliniuliza maswali mpaka nikachelewa kwa mzee mwingine. Huku, dada, wanatukanana kwenye simu usiku na mchana, watu hata hawajuani, na hakuna anayealikwa kwa mwenzake hata kula wali. Nilimuuliza, sasa Waingereza watani wao ni nani? Akafikiri, akasema labda wa kaskazini ya mto wa London na wa kusini yake, ila nao hawazikani.

Basi mimi na akili zangu nikafanya jambo la Kinyamwezi. Pauline alikuwa ameniruhusu kumjibia watu pale anaposinzia. Asubuhi moja Keith akatupa tusi lake, nami nikamwandikia: "Njoo Jumapili utukane ana kwa ana, kutakuwa na pilau." Kwetu mtani hafanyiwi hivyo? Keith akajibu neno moja: "Saa ngapi?"

Nilipomsomea Pauline, rangi ilimtoka. "Umefanya nini, Tausi?" Ndipo akanieleza ambalo hakuwahi kulisema. Mama yao alipofariki, Keith alimtaka aje mazikoni na suti. Pauline akaenda na gauni jeusi, akaishia kukaa ndani ya gari nje ya makaburi mpaka watu wakatawanyika. Tangu siku hiyo hawajakaa chumba kimoja. Wengine wote wameshakufa, wamebaki wawili tu. "Nilichobakiwa nacho kwake ni lile tusi la asubuhi," akasema. "Akija hapa tukaharibu, hata hilo nitalikosa." Dada, nilitamani ardhi inimeze. Nikasema nitamwandikia asije. Akatikisa kichwa. Akasema mtu akishaalikwa ameshaalikwa.

Jumapili nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nikapika pilau, nikamvisha gauni la bluu, akalikataa, nikamvisha la kijani, akarudi kwenye la bluu. Nikampaka rangi ya mdomo maana mwenyewe angeipaka mpaka shavuni. Keith akafika, mzee mfupi, ana kofia ya sufu na kopo la biskuti, anapumua kama aliyepanda ngazi nyingi, na nyumba haina ngazi. Akiwa bado mlangoni akamsalimia dada yake kwa jina la zamani, la kiume. Sikutajii jina hilo, si langu kulitaja.

Nilimngoja Pauline arushe neno. Hakurusha. Yule anayewaangusha mawaziri kwa sentensi moja alikaa anaitazama sahani, nami namlisha kijiko kimoja kimoja mbele ya mdogo wake. Keith naye alikuwa hajui amtazame wapi. Baadaye wakaanza kubishana juu ya yule mwimbaji wa manukato, kwamba ana sauti au ana meneja mzuri tu, na kidogo wakachangamka. Keith akasema pilau hii ingemuua mama yao kwa pilipili, Pauline akasema mama alishawahi kuunguza maji, wakacheka wote wawili, na nikaona wana kicheko kimoja. Nikajiambia yameisha. Halafu katikati ya kicheko Keith akamwita tena kwa lile jina.

Pauline akasema taratibu, "Hilo jina halipo mezani."

"Siwezi," Keith akasema. "Nimekujua tangu tukiwa watoto. Nikutungie mtu mpya uzeeni?"

"Sikuombi unitungie. Nakuomba uniite."

Basi nikainuka, nikaichukua kofia yake pale kwenye kiti, nikaikalia. Usinicheke, shangazi zetu walivificha viatu vya shemeji siku ya posa mpaka akavikomboa, nami sikuwa na silaha nyingine. Nikamwambia, "Kwetu mtani akikosea mezani tunamtwalia kitu, mpaka akikomboe."

Akauliza, "Kwa bei gani?"

Nikasema, "Si pesa. Ni jina."

Alinitazama mimi, akamtazama dada yake, uso umemwiva. Nilidhani atalisema. Aliinuka akavaa koti, akashukuru kwa chakula kwa adabu zake zote za Kiingereza, akatoka kichwa wazi na nje mvua inanyesha. Mlango ulipofungwa Pauline akaniambia, "Nilikuwa na mmoja tu, Tausi." Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza.

Niliosha vyombo nikilia. Ile kofia nikaitundika kwenye msumari wa mlangoni, maana sikujua niifanye nini. Jumatatu tukafungua simu, Keith hayupo. Jumanne hayupo. Pauline hakuniambia niandike kitu. Waziri mmoja alijiuzulu kwa aibu kubwa, habari ambayo siku nyingine angeitafuna wiki nzima, yeye akasema nizime redio. Saa nne ikifika anatupa jicho kwenye simu, kisha anatazama dirishani. Nilimwambia nitakwenda Stanmore kuipeleka kofia na kumwomba radhi. Akasema, "Ukienda utamfundisha kwamba nilichomwomba kilikuwa kikubwa mno." Nimeiwaza sana kauli hiyo.

Jana asubuhi nilikuwa namfunga vifungo simu ikalia. Chini ya yale maneno ya goti na choo, maneno ya zamani ambayo watu wanayarudia kila siku, mbele ya wacheshi na wachokozi na watu wasiomjua, Keith alikuwa ameandika: "Pauline, masikio yangu yanaganda. Nataka kofia yangu."

Nikamsomea. Akasema, soma tena. Nikasoma tena. Akaniambia nisome neno la kwanza peke yake. Nikalisoma. Akafunika uso kwa ile mikono yake inayotetemeka, na mimi nikaacha vifungo nikapiga magoti pale chini nikamshika. Tulikaa hivyo mpaka nikachelewa kwa mzee wa pili, na sijali. Alipojifuta machozi akasema, "Andika: Kofia haitumwi kwa posta. Jumapili."

Kwa hiyo kesho napika tena, pilipili kidogo. Sijui kama mdomo wa Keith utaweza kile kilichowezwa na kidole. Keith bado ni yule yule, jana hiyo hiyo mchana ameandika kwamba wanasiasa anaowapenda Pauline wote ni wezi, na Pauline akamrudishia kwamba wanaopendwa na Keith hawana hata akili ya kuiba. Moyo wangu una wasiwasi na una furaha. Niombee.

Msalimie sana shemeji Kondo mtani wangu, umwambie hata huku nimetangaza uvivu wake. Mpe shikamoo shangazi wa Ipuli na umwambie dawa ya macho namtafutia. Wasalimie wanao, yule mkubwa akazane na hesabu, na mama mkwe wako umwinamie kwa niaba yangu. Mjomba msalimie pia, lakini barua usimwonyeshe.

Pauline anakusalimu. Nilipomwambia naandika kwa dada yangu aliyeuliza habari zake, akataka kalamu. Nikamwambia nitamwandikia, akakataa. Imechukua muda na wino umemwagika kidogo, lakini jina linasomeka.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Tausi

na
Pauline