Uzi mweupe mkononi mwa Nou

Yer, rafiki yangu, uko macho? Alfajiri, bado giza, nimesikia komeo la mlango likiinuliwa polepole. Nikadhani ni Chong, wamemwachia. Miezi minne mume wangu yuko mahabusu kwa kuhubiri Injili kijiji cha jirani, na mimi kila komeo nadhani ni yeye.

Kumbe ni mama mkwe. Ana yai la kuitia roho ya mgonjwa irudi mwilini, na uzi mweupe wa mizimu wa kuifunga isitoke tena.

"Mama Nou, mwenyekiti wa kijiji amesema nyumba hii ikirudi kwa mizimu, mwanangu anatoka leo. Mlete mtoto nimfunge uzi. Huyo Mungu wako amekupa nini zaidi ya homa ya mtoto?"

Na mimi, Yer. Mimi niliyewaambia akina mama Jumapili kwamba Mungu ana kusudi hata mahabusu. Nimeushika mkono wa Nou akiwa usingizini nikaunyoosha. Hakuna aliyenishika. Nimeunyoosha mwenyewe.

Mwenyekiti akaja, akautazama uzi, akapiga simu kituo cha polisi, nasikia yote. Chong akaambiwa, "Mkeo amerudi kwa mizimu. Na wewe nyoosha mkono ufungwe uzi, uende zako."

Amekataa. Wanampeleka gereza la mkoa. Amejua nilichofanya, na amekataa.

Kusudi lipo, Yer. Nalisema tu, silioni. Uzi bado sijaukata, mkasi uko hapa mapajani.

Nou ameamka sasa hivi, amenisikia nikikusimulia. Ameutazama mkono wake, akasema kwa sauti, "Baba hana uzi."