Joho la Mjumbe wa China

Mama yangu mpenzi,

Niko Buffalo kwa mdogo wangu Neema, na mvua iliyotukuta kwenye basi pale Columbus imetufuata mpaka hapa. Jana Neema alinipeleka Tonawanda kwa mzee mmoja Mchina; kazi ya Neema ni kumtunza. Mzee alinipa chai kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa mikono miwili, vile ulivyotufundisha kupokea maziwa. Akanitazama sana, kisha akamwomba Neema afungue sanduku lake.

Ndani mlikuwa na joho la hariri la babu yake, aliyetumwa Amerika zamani kuwa mjumbe wa mfalme wa China. Ufalme ulianguka yeye akiwa huku. Bon, basi, babu akalikunja joho, akasema atalivaa tena siku ya kurudi kwao. Hakurudi. Nilipoligusa begani, kitambaa kilisambaratika vidoleni mwangu, maana nondo walishakimaliza.

"Laiti angelivaa hapa hapa," mzee akasema, "sisi wajukuu tungemwona nalo."

Mama, nilikumbuka valizi yako ya nguo chini ya kitanda kule Okolona, na kitenge alichokununulia marehemu Baba, unachokiwekea siku ya kurudi milimani kwetu tulikotoka. Sisemi haturudi, hiyo Mungu ndiye anajua. Neema anakusalimia, na chai yako ya tangawizi anaililia kila asubuhi.

Jumamosi njoo unipokee pale basi linaposimama. Nataka nikuone kwa mbali, umekivaa kitenge hicho.

Ni mimi mwanao,
Nyota